Mgonjwa wa Moyo Asifungiwe Ndani: Kutembea Nako ni Dawa



Katika bloku yetu yuko mzee mmoja, mvuvi wa zamani wa Chula, aliyekimbilia Kenya baada ya vita vya 1991. Mwaka jana daktari alimwambia kwamba moyo wake umedhoofika. Tangu siku hiyo wanawe hawamwachi hata kubeba birika la udhu. Akitaka kwenda msikitini huambiwa, "Baba, pumzika." Wanafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini sasa mzee akisimama miguu inamtetemeka. Alipopimwa tena, moyo ulikuwa vilevile. Kilichozidi ni udhaifu wa miguu, na udhaifu huo umeletwa na kulala.

Moyo kushindwa kufanya kazi si moyo kusimama. Maana yake ni kwamba moyo hausukumi damu kwa nguvu inayotakiwa. Mgonjwa huchoka haraka, hukosa pumzi, na miguu huvimba. Hofu ya watu wake ni kwamba akijisogeza moyo utazidi kuchoka. Tusiwacheke, kwa sababu mpaka miaka ya 1980 hata madaktari wengi waliwaagiza wagonjwa hawa wapumzike kitandani.

Leo tunajua zaidi. Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Marekani, Kanada na Ufaransa kwa wagonjwa 2,331. Waliofanya mazoezi kwa mpango hawakudhurika, na hali ya maisha yao ilikuwa bora kidogo kuliko wenzao. Karibu na sisi, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret, watafiti walijaribu mazoezi ya hospitali na mazoezi ya nyumbani kwa wagonjwa kama hawa, na matokeo yakatolewa mwaka 2022. Kwa hiyo si jambo la Ulaya tu, wala halihitaji mashine.

Sababu yake ni rahisi. Misuli isiyotumika hunyauka, na misuli dhaifu huutaka moyo ufanye kazi kubwa kwa jambo dogo. Wavuvi wetu wanajua: mashua ikikaa juu pwani muda mrefu, mbao hukauka zikaachana, na siku ya kushushwa majini inavuja.

Basi tuanze vipi? Kwanza, muulize daktari au muuguzi kama hali yako imetulia. Akikubali, tembea dakika 5 asubuhi na dakika 5 baada ya Alasiri, jua likiwa limepungua. Anza taratibu na maliza taratibu. Ukizoea, ongeza dakika moja au mbili kila baada ya siku chache, mpaka ufike dakika 30 kwa siku, hata kama itachukua miezi. Kipimo ni mdomo wako: uwe unaweza kuzungumza na mwenzako. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Asiyeweza kutoka asimame na kuketi kwenye kiti mara chache, apumzike, kisha arudie.

Usifanye mazoezi siku unapokosa pumzi hali umekaa, miguu ikivimba zaidi ya kawaida, au uzito ukipanda kilo 2 kwa siku 3. Nenda kituo cha afya. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kwenda mbio ovyo, simama mara moja utafute msaada. Na dawa usiache. Kutembea hakuchukui nafasi ya vidonge, wala hakumpi mtu ruhusa ya kula papa wa chumvi.

Baadhi ya akina mama wataniambia kwamba mwanamke hawezi kutembea ovyo kambini. Ni kweli. Basi watembee wawili au watatu, mchana, ndani ya bloku, au wazunguke uwanja wa nyumba. Hatua ni hatua.

Sisi wahudumu wa afya pia tuna lawama. Tunampa mgonjwa vidonge na tarehe ya kurudi, hatumwambii atembee kiasi gani. Maoni yangu ni kwamba kila mgonjwa wa moyo aandikiwe dakika zake kwenye kadi, kama anavyoandikiwa dawa, na mhudumu wa bloku amfuatilie kila wiki. Jambo hili halina gharama kubwa. Linataka nia tu.

Na ninyi watoto wa wazee, msimnyang'anye baba fimbo yake. Mshikeni mkono mwende naye mpaka msikitini, na mkiona amechoka mkae naye kivulini. Huko nako ni kumtunza.

Polepole ndio mwendo.