Mchungaji, tusomee Biblia yenyewe (sehemu ya 3)

Mama mwenzangu wa Mpui, Jumapili ulisikia mahubiri au marudio ya klipu ya YouTube? Siku hizi unasomwa mstari mmoja, Biblia inafungwa, halafu saa nzima ni "mtumishi fulani anafundisha". Huyo mtumishi mwanao hamjui.

Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiwahi mafuta ya upako. Fungua Luka 10: Msamaria alitia majeraha mafuta na divai, akayafunga, akalipia matunzo (nesi mimi hapo pa kulipia napapenda!). Hata Paulo, watu wa Beroya walimhakiki kwa Maandiko, Matendo 17:11.

Ukiambiwa uache dawa ya mtoto, uliza kwa heshima: imeandikwa wapi, mchungaji? Na homa ikipanda, mlete usiku huohuo. Tutaomba hukuhuku wodini.