Fleti za kununua: bei si mwisho wa gharama

Mnunuzi wa fleti Upanga au Kariakoo, Dar es Salaam, huepukana na foleni za Mbagala na adha ya kusimamia mafundi. Chini ya sheria ya mwaka 2008 anaweza kupata hati ya sehemu yake ya jengo na kuiweka rehani benki. Si jambo dogo. Lakini lifti na pampu ya maji ni za wote, na wote huzichangia. Mstaafu aliyemaliza kiinua mgongo chake kwenye ghorofa ya saba, lifti ikafa na majirani wakagoma kuchanga, atapanda ngazi. Mwenye kiwanja Mbagala angejenga vyumba vya uani akapangisha. Anayenunua fleti iliyokwishakaliwa aombe kwanza daftari la michango. Muuzaji asiyekuwa nalo aachiwe fleti yake.