KOMPYUTA HAIJUI NG'OMBE

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Katika shule yetu kuna ndugu wawili wasiosalimiana. Mmoja ni Chama cha Kiswahili, na mwenzake ni Chama cha Kompyuta. Vyote viwili hukutana Alhamisi saa kumi, na sisi wa shule ya kutwa hatuna jioni nyingine, kwani kengele ikilia ni mbio za kuelekea nyumbani. Ukichagua kimoja umekikosa kingine. Mimi nilichagua Kiswahili. Wenzangu wakanicheka ati, "Wewe kaa na mashairi yako, kompyuta ni ya watu wa hesabu!" Leo nataka kuwajibu.

Mwaka jana nilikosa basari ya muhula mmoja kwa sababu ya alama moja tu. Jina la ukoo wetu lina ng'. Katika cheti changu cha kuzaliwa alama ile ya juu ipo. Katika orodha ya wanafunzi haipo, kwa kuwa programu iliyotumiwa kuingiza majina iliikataa. Ofisi iliyokuwa ikitoa pesa ikalinganisha majina hayo mawili, ikaamua kwamba ni watu wawili tofauti. Mama alienda huko mara tatu. Jibu lilikuwa lile lile: "Mama, kompyuta imekataa."

Nilikasirika sana. Itakataaje jina ambalo nyanya yangu ameitwa maisha yake yote?

Muhula huu, mwalimu wetu wa kompyuta alipoanza somo la kuandika programu, ndipo nikaelewa. Kompyuta haioni neno. Inaona mfuatano wa alama, moja baada ya nyingine, zilizofungiwa ndani ya alama za kunukuu. Tunatumia lugha iitwayo Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Nikaandika 'ng'ombe' kwa alama moja moja za kunukuu, na mashine ikalalamika papo hapo. Ilipofika kwenye ile alama ya katikati ilidhani neno limekwisha, kisha ikashangaa "ombe" ni mnyama gani. Dawa yake ni rahisi: fungia neno kwa alama mbili mbili, "ng'ombe". Basi! Aliyeandika programu ile ya majina hakuwa na haja ya kuiogopa ng' yetu. Hakuifikiria tu. Na tusidhani alama hiyo ni pambo. Ukiiondoa, "ng'oa" inageuka "ngoa", na ngoa ni wivu.

Somo la pili lilikuwa kitanzi, yaani amri ya kurudia. Hebu fikiria mama akichambua maharagwe kwenye uteo. Anashika punje moja, anaitazama, kama ni jiwe analitupa, kisha anashika nyingine, mpaka uteo uishe. Kitanzi ni hicho hicho. Niliandika hivi:

neno = "ng'ombe"
idadi = 0
for herufi in neno:
    if herufi in "aeiou":
        idadi = idadi + 1
print(idadi)

Kompyuta inapita kwenye alama zote saba za neno hilo. Kila ikikuta irabu, inaongeza moja. Mwishoni inatoa 2. Ng'o-mbe. Mizani mbili! Nilikaribia kupiga vigelegele, kwa maana sisi washairi tunaohesabu mizani kumi na sita kwa vidole tulikuwa tumepata msaidizi.

Lakini furaha yangu haikudumu. Niliweka "mtu", ikaniambia 1. Kila mwanachama wetu anajua kwamba m-tu ni mizani mbili, kwani m hiyo inasimama peke yake. Niliweka jina "Amina", ikanipa 2, kwa kuwa A kubwa na a ndogo kwake ni vitu viwili. Ikabidi kwanza niyageuze maandishi yote kuwa herufi ndogo kwa amri ya lower(). Kisha nikaweka "mbuzi", ikapata 2, sawa. Nikaweka "mbunge", ikatoa 2 tena, na hapo imekosea. Mbu-zi ni mbili, m-bu-nge ni tatu, ingawa yote yanaanza na mbu. Sheria ya kuyatenganisha haitoki kwenye hesabu, inatoka kwenye ngeli. M ya mbunge ni ya ngeli ya M-WA kama ile ya mtu.

Sasa niulize: ni nani atakayeifundisha kompyuta jambo hilo? Bingwa wa hesabu asiyejua ngeli? Hawezi. Mshairi asiyejua kitanzi? Hawezi pia. Ndiyo maana nasema kuvitenga vyama hivi viwili ni kosa.

Wengine watasema programu ni Kiingereza kitupu. Si kweli. Tazama tena mistari yangu: maneno ya Kiingereza ni manne, for, in, if na print. Mengine, neno, herufi, idadi, nimeyachagua mwenyewe na mashine haikunung'unika. Wengine watasema kompyuta zetu ni chache. Ni kweli, tunakaa watatu watatu. Lakini programu hii niliiandika nyumbani kwenye daftari, nikaipitia kwa penseli herufi kwa herufi, kabla sijagusa kompyuta.

Nawaomba walimu walezi watupe Alhamisi moja tu kila mwezi ya kukutana pamoja. Kazi ya kwanza iwe kuikamilisha programu ya mizani. Ya pili iwe orodha ya majina yetu wenyewe, yenye kila ng' mahali pake.

Basari yangu ilipita na siwezi kuirudisha. Ila kuna mdogo wangu atakayeanza sekondari, na ana jina lile lile. Sitaki Mama aambiwe tena kwamba kompyuta imekataa. Kompyuta haikatai, ndugu zangu. Inafuata tu alivyoiandikia mtu, na mtu huyo anaweza kuwa mmoja wetu.