Majemadari Wawili na Daftari Moja

Katika elimu ya juu ya kompyuta, mwanafunzi anayejifunza hifadhidata zilizotawanywa, yaani daftari moja la hesabu linalotunzwa na mashine nyingi zilizo mbalimbali, hukutana mapema na fumbo ambalo askari yeyote atalielewa.

Majemadari wawili wa jeshi moja wamepiga kambi juu ya vilima viwili, na adui yuko bondeni kati yao. Wakishambulia pamoja watashinda; akishambulia mmoja peke yake atateketezwa. Hawana njia ya kupashana habari ila kwa tarishi, naye hana budi kupita bondeni, ambako huenda akakamatwa. Jemadari wa kwanza anapeleka barua: "Tushambulie alfajiri." Lakini hathubutu kutoka mpaka ajue kwamba barua imefika. Wa pili anajibu kwamba ameipata. Sasa yeye naye hathubutu kutoka mpaka ajue kwamba jibu lake limefika. Hata matarishi wakipita salama mara mia, aliyetuma barua ya mwisho angali na shaka. Imekwisha kuthibitishwa kwa hoja za hisabati kwamba hakuna idadi ya barua iwezayo kuiondoa shaka hiyo.

Jim Gray, mtaalamu wa Marekani aliyepewa Tuzo ya Turing mwaka 1998, alilieleza fumbo hili mwaka 1978 katika maandishi yake juu ya hifadhidata. Alikuwa na sababu. Benki yenye matawi mengi ina shida ile ile: tawi moja linapopunguza fedha, jingine halina budi kuziongeza, likitenda moja peke yake, fedha za mtu zimepotea, au zimezaliwa bure.

Njia aliyoieleza Gray ni ya ahadi ya hatua mbili. Mashine moja huwa mratibu, nayo huuliza kila tawi: "Uko tayari?" Tawi haliitikii kabla ya kuiandika ahadi yake mahali pasipofutika, hata umeme ukizimika. Yote yakiitikia, mratibu huandika uamuzi, kisha hutoa amri: "Tekelezeni." Likikataa moja, yote huacha. Tawi lililokwisha kuahidi haliruhusiwi kugeuza neno. Mawasiliano yakikatika litangoja, hesabu zile zikiwa zimefungwa, mpaka lipate amri.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Majemadari wamefungwa na alfajiri. Daftari halikufungwa na saa. Fumbo halikuvunjwa, bali limelipiwa kwa subira. Hata hivyo mratibu akianguka wengine huweza kukwama. Leslie Lamport, Mmarekani aliyepata tuzo hiyo hiyo ya mwaka 2013, alibuni njia iitwayo Paxos, iliyochapishwa mwaka 1998. Humo uamuzi ni wa walio wengi: kati ya mashine 5, zikikubaliana 3 yatosha. Makundi mawili ya mashine 3 hayakosi kuwa na mashine moja iliyo katika yote mawili, nayo ndiyo itakayokumbuka lililoamuliwa.

Elimu hii imekwisha kuingia majumbani. Askari aliye mpakani akimpelekea mkewe karo ya watoto kwa simu, na mtandao ukakatika kabla ya jibu, amesimama mahali pa jemadari: hajui kama iliyopotea ni amri yake au ni jibu. Akituma tena kwa pupa, huenda akalipa mara mbili, kwa sababu amri mpya hupewa namba mpya, na daftari huihesabu kuwa ni jambo jingine. Mashine zilizopangwa vyema, zinaporudia amri, huirudia kwa namba ile ile, ili mpokeaji atambue kwamba amekwisha kuitekeleza.

Basi mwenye kutuma na atazame kwanza salio lake, aitafute namba ya muamala, na amwulize mkewe kama fedha zimefika, ndipo aamue. Haraka haraka haina baraka, na karo ya muhula mmoja si fedha ya kuchezea.