Breki za ABS hazitamwokoa mtoto kwenye mchanga

Baridi imeingia, na msimu wa kwenda jangwani umeanza. Kila Alhamisi jioni utaziona gari za familia zikitoka Maskati kuelekea Bidiyah na mchanga wa Wahiba, nyuma zimefunga mahema, mkaa, na siku hizi ile pikipiki ya matairi manne ambayo vijana wetu wanaiita banshi. Jamaa zetu wa Imarati nao wana Al Badayer yao. Ni jambo zuri. Watoto wanaacha simu, wanaonja upepo, na wazee tunapata chai ya maziwa kando ya moto.

Juzi barazani, baada ya sala ya Isha, kulizuka mabishano. Mpwa wangu anataka kumnunulia mwanawe wa miaka 13 banshi ya watu wazima. Nilipomuuliza kuhusu usalama, akanijibu kwa furaha, "Mjomba, usiwe na wasiwasi, hii ina ABS kama ya gari. Muuzaji kaniambia haiwezi kuteleza." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Bei yake imepanda kwa ajili ya hizo breki, na yeye yuko radhi kulipa, maana nani asiyetaka kumlinda mwanawe?

Mimi sikukubali, na nataka nieleze kwa nini, kwa sababu naamini si mpwa wangu peke yake aliyeambiwa hivyo.

Tuanze na kazi yenyewe ya ABS. Skuli niliyosoma ilikuwa ya mapadri, na mwalimu wetu wa fizikia alikuwa hachoki kutuambia kuwa gurudumu linalozunguka linashika njia, na lililokaba linaburuta tu. ABS imejengwa juu ya somo hilo. Kila gurudumu lina kifaa kinachopima mwendo wake. Ukikanyaga breki kwa nguvu na gurudumu likataka kukaba, mfumo unalegeza breki kidogo, unashika tena, unalegeza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Faida yake kubwa ni kwamba bado unaweza kukata usukani huku umefunga breki. Mercedes na Bosch waliiweka kwenye gari mwaka 1978, BMW wakaiweka kwenye pikipiki mwaka 1988, na Umoja wa Ulaya ukailazimisha kwa pikipiki mpya zenye injini zaidi ya 125 cc kuanzia 2016. Barabarani imeokoa roho nyingi. Hapo sina ubishi.

Lakini hiyo ni lami. Mchangani mambo yanageuka. Gurudumu likikaba kwenye mchanga linachimba, na linajisukumia mbele yake kilima kidogo cha mchanga. Kilima hicho ndicho kinachokusimamisha, kama kabari chini ya mlango. ABS haijui hayo. Inaona gurudumu limekaba, inalegeza, gurudumu linapanda juu ya kilima chake na safari inaendelea. Kwa hivyo kwenye mchanga au changarawe iliyolegea, chombo chenye ABS ya kawaida kinaweza kuchukua masafa marefu zaidi kusimama kuliko kisicho nayo. Ndiyo maana pikipiki nyingi kubwa za safari za porini zina kitufe cha kuizima ABS, hasa ya nyuma. Na ile sheria ya Ulaya niliyoitaja haikuzilazimisha pikipiki za enduro na za mashindano ya miamba. Waliotunga sheria walijua kuwa mchanga na matope si lami.

Banshi ina shida yake nyingine. Nyingi zile za michezo, magurudumu mawili ya nyuma yako kwenye ekseli moja ngumu, hazina difu. Moja likikaba, na la pili limekaba. Zile za kuvuta kwa matairi yote, ukifunga difu, magurudumu yanafungamana vivyo hivyo. Sasa ABS ambayo kazi yake ni kulishughulikia kila gurudumu peke yake itafanya nini hapo? Haibaki na nafasi kubwa.

Hata hivyo, ingekuwa nalaumu masafa ya kusimama tu, nisingekaa kuandika. Mchanga wenyewe ni breki. Ukiachia mafuta kwenye mchanga mlaini, banshi inasimama karibu yenyewe. Kinachotuumizia watoto huko ni kupinduka.

Tazama linavyotokea. Mtoto anapanda kilima cha mchanga kwa kasi, haoni upande wa pili. Upande ule ambao upepo unamwaga mchanga una mteremko wa digrii 30 na zaidi. Akifika kileleni anashtuka, anakata kona, banshi inakaa ubavu kwenye mteremko, inabiringita. Chombo cha kilo 200 hadi 300 kinamwangukia mtu wa kilo 45. ABS haina la kufanya hapo, kwa sababu haikuwa kosa la breki tangu mwanzo.

Mimi nimeyaona. Miaka michache iliyopita mjukuu wangu alipinduka namna hiyo hiyo, kwenye banshi ya kukodi, jioni, wakati kivuli kinaficha mabonde. Alhamdulillahi alivunjika mfupa wa bega tu. Aliyetukodisha hakumuuliza umri, na helmeti aliyompa ilikuwa inazunguka kichwani kama sufuria. Lakini simlaumu yeye peke yake. Sisi watu wazima tulikuwa kumi pale, tunapiga picha.

Nchi nyingine zimelipima jambo hili. Marekani mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana na serikali kuacha kuuza zile za matairi matatu, kwa sababu zilikuwa zikipinduka mno. Australia, tangu Oktoba 2021, banshi mpya za kazi za shambani lazima ziwe na kinga ya kumlinda dereva zikipinduka, na zipite kipimo cha uthabiti. Kiini cha sheria zote mbili ni kupinduka. Na madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, wanasema aliye chini ya miaka 16 asiendeshe kabisa. Hata watengenezaji wenyewe wameibandika alama hiyo kwenye banshi kubwa: si kwa walio chini ya 16, wala usimpakie mtu. Tumeibandua macho tu.

Nitakuwa muadilifu. Mwenye shamba anayepita njia ya changarawe ngumu, au anayekatisha kipande cha lami kufika kwake, ABS itamfaa, na zipo za kisasa zilizopangiwa hali ya njia mbovu. Huyo anunue, na ahakikishe ina kitufe cha kuizima. Lakini kwa kuchezea mchangani, ABS ni pesa iliyokwenda mahali pasipo na maradhi.

Hizo pesa, mpwa wangu, zinunue helmeti inayomkaa mtoto sawasawa, miwani, viatu vya kufunika kifundo cha mguu na bendera ndefu ya kuonekana nyuma ya kilima. Banshi yenyewe iwe ndogo, ya umri wake, yenye kifaa cha kupunguza mafuta ambacho ufunguo wake unakaa kwako, na iwepo ile kamba ya kuzima injini anapoanguka. Mfundishe kusimama kabla ya kilele na kuangalia. Mfundishe kushuka moja kwa moja, gia ya chini, injini imzuie, asikate kona mteremkoni. Mtu mmoja, banshi moja. Mdogo wake asikae nyuma. Na awepo mtu mzima mmoja asiye na simu mkononi.

Wenye kukodisha nao tunawaambia: ulizeni umri, na mwenye miaka 10 mkatalieni hata baba yake akikasirika. Wakubwa wanaosimamia maeneo haya wafanye hilo liwe sharti la leseni.

Mpwa wangu hajanijibu bado. Alinyamaza, akaniuliza ile kamba ya kuzima injini inauzwa wapi. Nimelichukua hilo kuwa jawabu. Ijumaa ijayo tunakwenda Bidiyah, insha'Allah, na safari hii picha atapiga mtu mmoja tu.