Kompyuta Mpya: Tuiwashe Wenyewe



Wanafunzi wenzetu, wazazi na walezi wetu wapenzi, katika jarida la mwaka huu kamati yetu imeona isinyamaze juu ya jambo lililotufika sisi wenyewe hapa Mwenge. Tunaliandika kwa sababu tunaona kompyuta mpakato zinaingia majumbani mwenu moja baada ya nyingine, nyingine mpya na nyingine za mtumba kutoka Dubai na Ulaya, na wengi wenu mnazifungua kwa njia ile ile tuliyoifungua sisi ya kwetu.

Mwaka 2022 mzazi mmoja aliipa madrasa yetu kompyuta mpakato mpya kabisa. Siku tuliyokwenda kuichukua dukani tuliikuta imeshawashwa na kupangwa. Kijana aliyekuwa akiuza alituambia kwa ukarimu, "Nimewarahisishia, nyie kazi yenu kubonyeza tu." Tulimshukuru, tukaondoka nayo tukicheka njia nzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza: umeipanga kwa barua pepe ya nani?

Kwa miaka miwili haikutusumbua. Mwaka 2024 ikaacha kupokea chaji, ikapelekwa kwa fundi, bodi yake ya ndani ikabadilishwa. Iliporudi na kuwashwa, kioo kikawa cha buluu, kikataka tarakimu 48 za ufunguo wa kurejesha. Tarakimu zipi? Hatukuwahi kuziona. Mafundi wawili walitueleza jambo moja, kwamba ufunguo ule upo, lakini umehifadhiwa katika akaunti iliyofungulia kompyuta siku ya kwanza. Akaunti ilikuwa ya yule kijana. Tulirudi dukani, tukaambiwa ameshaacha kazi, na namba yake ya simu haipatikani.

Ndugu wasomaji, diski ilikuwa nzima na kazi zetu zote zilikuwa ndani, ila hapakuwa na wa kuufungua mlango. Tulichoweza kufanya ni kuifuta na kuanza upya. Zilipotea orodha za wanafunzi na alama zao, zikapotea insha za jarida hili (ndiyo sababu toleo la mwaka ule lilichelewa, na tunawaomba radhi). Na zikapotea sauti za marehemu Maalim wetu akifundisha tajwid, masomo 31 tuliyomrekodi alasiri kwa alasiri mwaka wake wa mwisho. Yamebaki manne tu, kwa sababu mzazi mmoja alikuwa ameomba atumiwe kwenye simu ili mwanawe ajisomee nyumbani.

Wapo waliosema kufuli lile ni ubaya wa kompyuta za kisasa. Hatukubaliani nao. Kompyuta nyingi mpya zenye Windows 11, ukiziingia kwa akaunti ya Microsoft, huifunga diski kwa siri, ili mwizi akiikwapua kwenye daladala asiweze kusoma barua wala kuona picha za familia yako hata akiichomoa diski. Hiyo ni hifadhi nzuri. Kosa lilikuwa letu: tulinunua nyumba tukamwachia muuzaji ufunguo. Na yule kijana wala hakukusudia ubaya, alitaka kutusaidia.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: kompyuta mpya iwashwe na mwenyewe, nyumbani kwake, kwa barua pepe yake. Dukani ikaguliwe tu. Iwashwe mpaka ule ukurasa wa kwanza wa makaribisho utokee, ukitazama kioo kama kina doa, na kama chaja inaingiza moto. Chukua risiti na karatasi ya dhamana. Kisha izime, uirudishe kwenye boksi, uondoke nayo. Ukiambiwa "ngoja tukumalizie," sema ahsante, tutamalizia wenyewe. Wazazi wengi huona haya kusema hivyo kwa kuhofia kuonekana hawajui. Lakini maswali yanayoulizwa pale si ya kitaalamu: lugha gani, nchi gani, intaneti ipi, jina nani. Mtoto wa darasa la sita akikaa na baba yake wanayamaliza. Hata kwenye saa msishangae: katika orodha ya Windows hamtaiona Dar es Salaam, chagueni Nairobi, saa yetu ni moja. Msiipuuze, kwa kuwa tarehe ikikosewa tovuti nyingi hukataa kufunguka.

Barua pepe iwe ya nyumba au ya madrasa, na namba ya simu inayowekwa pamoja nayo iwe ya mtu mzima anayeitumia laini yake kila siku, kwani laini iliyotelekezwa hufungwa na namba ikaja kupewa mwingine. Neno la siri walijue watu wawili. Zile tarakimu 48 utazikuta ukiingia katika akaunti yako ya Microsoft mahali palipoorodheshwa kompyuta zako. Zinakili kwa kalamu katika daftari. Msiende kuzichapisha steshenari, mkaziacha huko.

Kwa mwenye kununua ya mtumba, rai ni ile ile na nyongeza mbili. Ya kwanza, ifutwe yote na kupangwa upya mbele yako, isibaki na akaunti ya mtu usiyemjua. Ya pili, uliza ina Windows ipi. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Bado inawaka, lakini bila masasisho ya usalama kila mwezi unaopita inazidi kuwa nyumba isiyo na komeo. Mkiambiwa "Windows yake imeshalipiwa" na kumbe imefunguliwa kwa programu ya wizi, jueni kwamba programu za namna hiyo ndizo njia kubwa ya kuingiza virusi, mbali na kuwa si halali yenu.

Masasisho yana gharama, tunalijua. Siku ya kwanza kompyuta mpya yaweza kuvuta gigabaiti kadhaa ukabaki unajiuliza bando limekwenda wapi. Katika mipangilio ya intaneti kuna mahali pa kuieleza kompyuta kwamba unatumia bando la kupimwa, nayo itapunguza kuvuta hovyo. Lakini msiifungie moja kwa moja. Tafuteni siku ya mwezi yenye bando la kutosha, mwiache ivute. Kinga ya virusi inayokuja ndani ya Windows yatosha kwa wengi wetu. Kinachotuponza zaidi ni flashi. Inakwenda steshenari kuchapisha barua, inachomekwa kwenye kompyuta iliyochomekwa flashi za mtaa mzima, inarudi na mafaili yote yamegeuka vijialama visivyofunguka. Barua ya kuchapisha itumeni kwa barua pepe, au muwe na flashi moja ya kutokea nje tu isiyobeba kitu kingine.

Ama kuhusu nakala za akiba, hapa ndipo hasa tulipoumia na ndipo tunapoomba tusikilizwe. Hata ufunguo ule ungepotea, tungekuwa na nakala pengine, tungehuzunika siku moja tu. Sasa kila Jumatano, kabla ya mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa, wanafunzi wawili hunakili kazi za wiki kwenye diski ya nje, na diski hiyo hailali madrasa. Hulala nyumbani kwa mama mmoja wa kamati kule Sinza. Moto ukizuka au mwizi akiingia upande mmoja, upande wa pili upo. Wahenga waliosema akiba haiozi hawakuijua diski, lakini wangeielewa.

Tuje kwenye matunzo ya kila siku. Jina lenyewe limetupotosha kidogo. Tumeiita mpakato kwa kupakatwa, kama mtoto, basi watu wanaipakata kweli: juu ya kanga, juu ya godoro, juu ya mto. Chini yake kuna matundu ya kuvuta hewa, na ukiyaziba kwa kitambaa inapata joto, na joto ndilo linalokula betri na bodi mapema. Iwekeni juu ya meza au ubao. (Mwenzetu mmoja aliitandikia marufaa akasema hewa inapita vizuri. Ustadhi alicheka kwanza, kisha akamwamuru aiondoe.)

Vumbi la Mwenge mnalijua. Tuna la barabara ya Sam Nujoma, na walio jirani na wachongaji wa vinyago wana la mpingo pia, laini kama unga. Kompyuta ikimaliza kazi ifungwe, ifunikwe kwa kitambaa safi baada ya kuzimwa, si ikiwa inawaka. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini kikavu, pasiwepo maji ya sabuni wala spiriti. Na kashata zikae mbali. Tulipoifungua kibodi ya ile ya kwanza tulikuta sisimizi wamehamia.

Umeme ndio adui mkubwa zaidi. Chaja nyingi zimeandikwa volti 100 mpaka 240, kwa hiyo umeme wetu wa volti 230 hauna tatizo, na hata ukipungua chaja huvumilia. Hatari ni ule mshtuko unaokuja umeme unaporejea baada ya kukatika, na radi za masika. Umeme ukikatika, chomoeni. Ukirudi, subirini dakika kadhaa mpaka utulie ndipo mchomeke. Kompyuta hii ina betri, haina haraka. Tena kuna desturi ya mitaani kwetu tunayoipiga vita: chaja ya mtumba yenye pini mbili za duara inalazimishwa kwenye soketi yetu ya matundu matatu kwa kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu. Pini zinacheza, cheche zinaruka, na siku moja atakayechokonoa ni mdogo wako mwenye kijiti kibichi. Adapta imara si ghali ukilinganisha na hayo.

Huenda mtaambiwa dukani kompyuta mpya ichajiwe masaa 8 au 12 kabla ya kutumiwa. Ushauri huo ulikuwa wa betri za zamani za nikeli. Betri za lithiamu za leo hazihitaji, na wala hazipendi kuachwa zikakauka mpaka sifuri. Nyingi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, na kwa kompyuta inayokaa kwenye umeme muda mwingi tunashauri utumike. Mkiifungia kwa likizo ndefu, iacheni na chaji ya nusu hivi.

Limebaki jambo ambalo tumetofautiana na baadhi ya wakubwa wetu, nasi tunalisema kwa adabu. Baada ya hasara ile palitolewa wazo kwamba kompyuta itakayofuata ikae kabatini, itolewe kwa barua muhimu tu. Tunaelewa uchungu wao. Nchi yetu nayo ilipita njia hiyo. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baada ya mradi wa mahesabu kuleta hasara na mvurugo, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingizwa kompyuta nchini. Fedha za kigeni zilikuwa chache na wataalamu wachache, hatuwalaumu. Lakini kwa muda mrefu vijana hawakupata pa kujifunzia, na mashine isiyoguswa haifundishi mtu. Mabadiliko yalipokuja, mwaka 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye Kiswahili kitupu, kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapo Mlimani tunapoweza kufika kwa miguu. Walioifanya ni watu walioachwa kuzishika kompyuta.

Isitoshe, ile yetu ya kwanza haikuharibiwa na mikono ya wanafunzi. Ilifungwa kwa sababu hakuna aliyejua nini kilifanyika siku ya kwanza. Kabati lisingetusaidia.

Wakubwa wetu, Allah awajaze kheri, walilikubali hilo kwa masharti: daftari la kutia saini kila aichukuaye na kila airudishaye, na wasimamizi wawili, mmoja mzazi na mmoja mwanafunzi. Tunaona masharti hayo ni ya haki kwa kitu kilichotolewa kwa ajili ya wote.

Kompyuta mpya ilifika mwezi wa Shaaban. Tulilifungua boksi pale pale kwenye jamvi, wazazi wawili wakiwapo, mmoja wao akisema hajawahi kuiwasha kompyuta maishani mwake. Yeye ndiye aliyebonyeza. Tulianza baada ya Adhuhuri, bando likaisha katikati, tukachangishana, tukamaliza Magharibi ikikaribia. Tarakimu 48 zilisomwa kwa sauti na kuandikwa katika madaftari mawili, kisha zikasomwa tena.

Faili za kwanza kuingizwa ni yale masomo manne ya tajwid. Ikiwa yupo mzazi au mwanafunzi wa zamani mwenye somo jingine lolote la Maalim katika simu yake, hata ile iliyopasuka kioo iliyotupwa kwenye droo, tunamwomba ailete madrasa siku yoyote baada ya Alasiri. Hata kama sauti ina kelele za bodaboda, tutaipokea.