Ushirikiano wa Mahakama, Si wa Watekaji



Wazee wetu wa Naro Moru wanaikumbuka Hali ya Hatari ya 1952 hadi 1960. Katika miaka hiyo Mkikuyu hakuweza kusafiri bila kibali cha watawala, na maelfu waliokuwa wakiishi Bonde la Ufa walipakiwa malorini na garimoshini wakarudishwa Mkoa wa Kati, pasipo hakimu kuwauliza wana kosa gani. Kwa hivyo sisi wa Kieni tunajua maana ya binadamu kuhamishwa kama gunia la viazi.

Tunajua pia thamani ya mlango wa jirani. Utawala wa chama kimoja ulipokaza kamba, waliodai mageuzi walipata hifadhi ugenini. Mwaka wa 1986 Koigi wa Wamwere alikimbilia Norway. Oktoba 1990 alijikuta mikononi mwa polisi wa Kenya akikabiliwa na shtaka la uhaini; serikali ilidai alishikwa Nairobi, naye akasema alitekwa Kampala. Balozi wa Norway alipohudhuria kesi hiyo, Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na nchi yake. Mwaka wa 1993 Koigi aliachiliwa. Je, hatima yake ingekuwaje iwapo kila taifa lingeinamisha macho?

Leo aibu hiyo imegeuka upande. Tarehe 9 Oktoba 2024 Kenya ilichaguliwa kuingia katika Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Siku tisa baadaye, raia wa Uturuki waliokuwa wakimbizi walitekwa Nairobi, na serikali yetu ikakiri kwamba wanne wao walirudishwa kwao kwa ombi la Uturuki. Mwezi uliofuata Dakta Kizza Besigye, aliyekuja Nairobi kuhudhuria uzinduzi wa kitabu cha Bi. Martha Karua, alitoweka tarehe 16, akaonekana siku nne baadaye mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Kampala.

Wako watakaosema kwamba mataifa jirani hayana budi kushirikiana dhidi ya wahalifu. Hatupingi. Lakini ushirikiano halali una njia yake: nchi inayomtaka mshukiwa huleta ombi na ushahidi, mshukiwa hufikishwa mbele ya hakimu, hupewa wakili, hujitetea na hukata rufani. Anayemiliki ushahidi wa kweli haogopi njia hiyo. Anayeikwepa na kutuma gari lisilo na nambari anatuambia mwenyewe kwamba kesi yake haisimami.

Zaidi ya hayo, Kenya imefungwa na ahadi zake. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 yote miwili yakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake umo hatarini. Nayo Katiba tuliyoipitisha mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 2(6), yasema mkataba wowote ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Anayeuvunja havunji neno la wageni. Anavunja sheria yetu wenyewe.

Na asiwepo wa kujifariji kwamba haya ni ya wageni. Mei 2025 Mkenya Boniface Mwangi alishikwa Dar es Salaam alikokwenda kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, kisha akatupwa karibu na mpaka, akieleza kwamba aliteswa. Serikali inayouza mgeni wake itamdai nani raia wake? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Basi tunadai mambo matatu. Mosi, asitolewe mtu yeyote nchini pasipo amri ya mahakama iliyotolewa hadharani. Pili, Bunge lichunguze visa vya 2024 na kuwataja walioagiza. Tatu, wabunge wetu wa Mlima Kenya, ambao hutukumbuka kura zinapokaribia, watuambie waliuliza swali gani kuhusu watu hao.

Mlango uliofunguliwa kwa ajili yetu katika siku za giza tusiugeuze kuwa mtego wa wenzetu.